Nukta ya Kijani Kule Rhamu

Kama hukununua gazeti wiki iliyopita, pole, ila hukukosa furaha yoyote. Mimi ni Sagal, na tangu mvua hizi zianze hakuna jema lililonifika.

Kwanza Mto Tana uliingia katika duka langu la kompyuta hapa Garissa ukaligeuza bwawa. Kisha Abdimalik, mchumba wangu, akaahirisha harusi kwa kisingizio cha barabara, huku jamaa zake wakinong'ona kwamba msichana huyu ana mkosi. Kisha Hooyo, mama yangu mzazi, akakwama kwangu. Alitoka Rhamu kuja kutibiwa macho, na barabara ikasombwa nyuma yake.

Halafu ikaja ile simu ya Saado, dada yangu mdogo, ambayo ndiyo niliishia nayo wiki iliyopita katika gazeti hili.

"Abaayo, dada, Daua umevunja kingo," alisema. Daua ndio mto unaonywesha mashamba yetu kule Rhamu. "Maji yanakuja mashambani. Nashuka kumchukua mtoto."

Simu ikakatika.

Hilo neno "nashuka" lilinipita hivi hivi. Nakuomba, msomaji, ulishike, kwa sababu mimi sikulishika.

Kulipokucha nilikwenda ukumbini mapema. Ukumbi wenyewe ni wa mikutano, karibu na soko la mifugo, na vijana wa mji tuliugeuza ofisi ya ramani. Kazi yetu ni nyepesi kueleza. Ukizingirwa na maji unafungua ukurasa wetu kwa simu, unaandika shida yako, unabonyeza. Simu yenyewe inatuambia uko wapi, na kwetu inatokea nukta nyekundu. Tunampigia mwenye boti au gari aliye karibu. Akituhakikishia kwamba watu wako salama, nukta tunaigeuza kijani.

Juu ya ukurasa kuna maneno kwa herufi kubwa: "Usijisumbue kueleza mahali ulipo. Ramani itajua."

Maneno hayo niliyatunga mimi, na nilijivunia sana.

"Sagal, kuja uone," aliniita Wato. Huyu ni Mborana wa upande wa Hadado, na kwa ajili yake humu ndani tunaongea Kiswahili. "Rhamu imewaka."

Nilikimbia nikajigonga goti kwenye meza. Nukta nyekundu, na namba ya simu ilikuwa ya Saado.

"Maji imetuzunguka," ujumbe ulisema. "Tuko na mtoto na wazee wawili majirani. Haraka tafadhali."

Nililia kwa furaha. Yu hai! Mtoto wake Ruweyda, ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea, naye yu hai.

"Ni watu wako?" aliuliza Mustafe. Yeye ndiye mkubwa wetu, mwalimu wa hesabu ambaye shule yake imejaa wakimbizi wa mafuriko.

"Ni dada yangu."

"Basi wewe usipige simu. Atapiga Wato."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utamfokea mtu wa boti, na boti ni moja tu kule."

Alikuwa ananijua. Wato akampigia Shuaib, mwenye boti, ambaye siku za kawaida huvusha watu na vitunguu kwenye Daua. Tulikuwa tumempatia simu ya setilaiti, ile inayoshika popote. Sasa naona ndiyo iliyotupumbaza. Tulimpata Shuaib kila tulipomtaka, tukasahau kwamba wengine hawapatikani hivyo.

Mchana sauti yake ilijaa ukumbini.

"Nimefika kwa nukta," alisema. "Mtu hakuna."

Nilimnyang'anya Wato simu. "Hakuna vipi? Angalia vizuri!"

"Dada, mimi si kipofu. Hapa ni kavu kabisa. Nyayo iko, jivu ya moto iko, mavi ya mbuzi iko. Maji hakuna. Watu wametoka hapa, wameenda zao."

"Ita jina lake!"

"Nimeita, wallahi. Nimeita mpaka koo imekauka."

Mustafe alifikiri kidogo, kisha akatabasamu, na Mustafe si mtu wa kutabasamu ovyo.

"Pakavu, na hakuna maiti," alisema. "Maana yake maji yamepungua, wamehamia mjini. Weka kijani, Sagal. Hii uweke wewe mwenyewe."

Nikaiweka. Ukumbi mzima ulinipigia makofi, na mimi nikainama kama bibi harusi.

Hooyo alikuja baada ya swala ya adhuhuri, akiongozwa na mtoto wa jirani. Jicho moja lilikuwa na bandeji. La pili lilikuwa linaona rangi na vivuli, sura za watu hapana. Kusoma hajui tangu hapo.

"Nionyeshe," aliniambia. "Usinieleze. Nionyeshe."

Nilimkalisha mbele ya skrini. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hizi nyekundu ni nini?"

"Watu wanaosubiri, Hooyo."

"Na hizi kijani?"

"Waliookoka."

"Saado yuko wapi?"

Nilimshika kidole nikakipeleka juu kabisa, pembeni, pale nchi yetu inapoishia. Alikiacha hapo muda mrefu.

"Ni kijani," alisema.

"Ni kijani, Hooyo."

Alibusu kidole chake. "Kesho nitawapikia hawa watoto sadaka. Wali na nyama. Na wewe mkosi wako umekwisha, utaona. Abdimalik atarudi mbio, na wewe usimfungulie mlango upesi."

Watu walicheka, hata mimi. Nilikuwa sijacheka tangu maji yalipoingia dukani.

Nilifurahi hivyo kwa siku nzima. Naiandika hapa kwa sababu ni haki yangu, na sijafurahi tena tangu hapo.

Siku ya pili, Hooyo akiwa nyumbani anachambua mchele, simu yangu iliita. Namba ya Saado.

"Abaayo!" nilipiga kelele. "Umenitesa, wewe mtoto! Mko mjini kwa nani?"

"Si Saado. Ni Keinan."

Keinan ni shemeji yake, ndugu wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa mbali, akichunga ngamia upande wa Takaba.

"Sagal, mumetuacha?" aliuliza.

"Tumewaacha vipi? Mmelala wapi?"

"Tumelala pale pale! Jana tumeona boti kwa macho yetu. Imeenda mpaka kilimani, imezunguka, imerudi. Saado amevua mtandio amepunga mpaka mkono umekufa. Haikutuona."

"Boti ilikwenda kwenye nukta yenu, Keinan, hapakuwa na mtu!"

"Nukta gani? Sisi tuko chini kwa migomba, kwa nyumba ya pampu. Maji iko goti sasa."

Nilitaka kumjibu, nikasikia upepo.

Ulikuwa unavuma ndani ya simu, ukimkata maneno. Na upepo ule niliujua. Tangu nihamie Garissa, kila simu ya Hooyo kutoka nyumbani ilikuja nao. Nilikuwa namwambia, "Hooyo, rudi kwenye kivuli, sikusikii," naye anajibu, "Nikirudi sikupati."

Kule kwetu mashambani hakuna mtandao. Mtandao uko kilimani.

Mtoto wa darasa la tatu wa kule anajua hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa msichana wa kilima. Baba alikuwa akinipandisha na simu ndani ya mfuko wa plastiki, nikasome jumbe za majirani na kutuma majibu yao. Juu pale kuna mawe ya kukalia, yamelainika kwa makalio ya watu. Jioni wanawake hupanda na chai yao kuwapigia watoto walio mbali, kisha wanashuka nyumbani.

Saado alisema nini siku ile? "Nashuka kumchukua mtoto." Alikuwa kilimani.

"Keinan," nilisema, na sauti haikuwa yangu. "Ule ujumbe wa jana uliutuma ukiwa wapi?"

"Kilimani! Kwingine wapi? Simu yangu imekufa kwa maji, nikachukua ya Saado. Nikavuka laga, korongo limejaa maji, na jerikeni tupu kifuani nielee, wazee na mtoto hawawezi. Nikatuma, nikarudi kuwaambia msaada unakuja."

"Kwa nini hukuandika mko wapi?"

Upepo ukavuma.

"Mumesema tusijisumbue," alijibu. "Mumesema ramani itajua."

Niliketi sakafuni.

Sikumwambia kitu Keinan ila neno moja, na neno lenyewe nililiona la akili. Nilimwambia asishuke. "Kaa hapo hapo kilimani nikupate." Hivyo kule chini alibaki dada yangu na wazee wawili na mtoto, bila mwanamume mwenye nguvu, kwa amri yangu.

Kisha nikawaeleza wenzangu. Nilifikiri watanilaumu. Lakini Wato hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama skrini.

"Ngojeni," alisema. "Kwetu Hadado mtandao iko juu ya tangi ya maji. Watu wanapanda ngazi. Na ile nukta ya Hadado, dereva alisema nini?"

Aliitafuta kwa kidole kwenye skrini.

"Alisema amekuta tangi na punda," Wato akajijibu. "Sisi tukaweka kijani. Mimi nimeweka. Mimi mtoto wa Hadado!"

"Na ile ya Takaba," mtu mwingine akasema polepole. "Alikuta mlima mtupu."

Mustafe alivua miwani. Alianza kuifuta kwa shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Nani alisema ziwekwe kijani?" aliuliza.

"Mustafe, sote..."

"Nani alisema?"

"Wewe."

"Basi zirudisheni."

Tulizirudisha. Za mjini tuliziacha, lakini kila nukta ambayo mwokoaji alikuta mahali pakavu bila mtu, tuliirudisha nyekundu. Wato alikuwa akibonyeza huku analia kimyakimya, na kila alipobonyeza nilifikiria watu walioliona gari likipanda mlimani, likageuka, likaondoka. Siku nzima tulikuwa tumepongezana kwa ajili yao.

Ya Rhamu niliirudisha mwenyewe. Kisha nikampigia Shuaib, na safari hii Mustafe hakunizuia.

"Shuaib, walaal, ndugu yangu, sikiliza. Sahau nukta. Usiifuate kabisa. Ukiwa kilimani tazama mto. Utaona migomba, na katikati paa la bati. Ni nyumba ya pampu. Watu wangu wako pale."

"Migomba ile?" alisema Shuaib. "Leo asubuhi nimepita nyuma yake. Nilikuwa naenda kwa nukta nyingine."

"Hukuona mtu?"

"Dada, nilikuwa naangalia ramani mkononi. Mumeniambia nifuate nukta, mimi nafuata nukta."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Tulisubiri. Mimi si mtu wa kusubiri, muulize Abdimalik. Nilifagia ukumbi uliokuwa umeshafagiliwa. Niligombana na Wato kuhusu dirisha. Nilisoma Yasin, nikapotea katikati, nikaanza upya.

Simu ya Shuaib ililia kabla ya alasiri.

"Nimefika kwa pampu!" Injini ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Wako juu ya bati! Mzee yuko, bibi yake yuko. Mtoto yuko! Mtoto mzima, analia, sikilizeni!"

Kweli tulimsikia Ruweyda akilia. Wato alipiga vigelegele. Mustafe alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi nilisema alhamdulillahi mpaka pumzi ikaniishia.

"Mpe simu Saado," nilisema.

Injini ikazimwa.

"Shuaib. Mpe simu Saado."

"Dada, nampa mzee. Ongea na mzee."

Mzee ni Adeer Abdirashid, yaani ami Abdirashid, jirani yetu wa miaka yote, ambaye alinifundisha kupanda punda. Alianza na salamu. Alinisalimu kikamilifu, akaniuliza hali ya Hooyo, akaniuliza macho yake, nami nikamjibu yote, kwa sababu nilijua akimaliza salamu ataniambia.

"Leo asubuhi Keinan alipovuka kwenda kilimani," alisema mwishowe, "tukasikia boti. Inapita nyuma ya migomba. Saado akasema, adeer, wanakwenda kilimani tena, hawajui kama tuko hapa. Akamfunga mtoto mgongoni kwa mke wangu. Nikamwambia kaa. Akasema, wakiondoka leo hawarudi tena. Akashika jerikeni akaingia majini kuifuata."

"Kisha?"

"Alikuwa anaita. Huku! Huku! Tulimsikia mpaka pale migomba inapokwisha."

"Na baada ya hapo, adeer?"

"Baada ya hapo tulisikia boti tu, hooyo."

Mwanangu, alimaanisha, na kwa neno lile nilikuwa tena mtoto juu ya punda wake.

Shuaib alirudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sikusikia, dada. Wallahi sikusikia mtu. Injini ina kelele."

"Najua."

"Nina wazee na mtoto hapa, wamelowa, bibi anatetemeka vibaya. Mafuta ni ya kurudi mjini tu. Nifanye nini? Nimtafute? Sema wewe."

Kila mtu alinitazama, na hakuna aliyenisaidia. Ningeweza kumwambia amtafute. Ningekuwa nimeweka watu watatu rehani kwa ajili ya mmoja, na mmoja huyo ni wangu. Nilimwona Ruweyda amefungwa mgongoni kwa bibi anayetetemeka.

"Warudishe," nilisema. "Fika, jaza mafuta, urudi. Pitia ukingo wote wa migomba ukienda. Zima injini kila mara, usikilize."

"Nitazima," alisema. "Naapa nitazima."

Nilimpigia Keinan kilimani. Nilimwambia aangalie maji, kila gogo, kila kichaka, kila kitu cha rangi. Mtandio wake ulikuwa wa rangi gani? Manjano, alisema. Aliniuliza kwa nini aangalie. Nilipomwambia, upepo ukaniambia kwamba ameteremsha simu.

Hapo ndipo niliposikia harufu ya iliki na mchuzi.

Mlango ulikuwa wazi. Hooyo alikuwa anaingia, ameshikwa mkono na mtoto wa jirani, na nyuma yake wanawake wawili wa mtaa wetu wamebeba sufuria kubwa kwa matambara. Alikuwa amevaa nguo ya Idi. Alikuwa ametia hina vidoleni.

"Osheni mikono, watoto wangu!" aliita kwa furaha. "Sadaka ya Saado imefika, ingali moto!"

Hakuna aliyesogea. Wanawake waliteremsha sufuria, wakatazamana.

Mustafe aliinama sikioni kwangu. Mkono wake ulikuwa umeshashika kipanya.

"Niiweke kijani?" alinong'ona. "Mtoto ametoka. Wazee wametoka. Si uongo kabisa, Sagal. Ale kwanza. Aombe dua kwanza. Utamwambia ukishajua."

Wallahi nilitaka aiweke. Nilitaka mama yangu apate jioni moja zaidi, na mimi niipate naye.

Lakini Hooyo hakuwa amengoja. Njia ya kwenda kwenye skrini alikuwa ameishika tangu jana. Alipapasa meza mpaka akafika, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akanyosha kidole chake chenye hina juu kabisa, pembeni, pale nchi yetu inapoishia.

Alikiacha hapo.

"Sagal, hooyo," alisema taratibu. "Jana hapa palikuwa kijani."

Mkono wa Mustafe ulikuwa bado juu ya kipanya, na yeye na Hooyo walikuwa wananingoja mimi.